Aliacha Shule Akiwa 13, Akakataa Chuo, na Bado Dublin Ikamjengea Sanamu Mbili: Story ya Luke Kelly

Wacha nianze na kitu unajua. Ile chupa nyeusi ya Guinness unaona kwa kaunta ya local yenu ilianza safari Dublin, mji mkuu wa Ireland, kwenye kiwanda cha St. James's Gate, mwaka wa 1759. Hicho ndicho kipande cha Dublin kilichofika mitaani kwetu. Lakini baa za huko zilitoa kitu kingine ambacho hakiingii kwa chupa. Zilitoa sauti ya mse mmoja mwenye nywele nyekundu zimesimama kama amepigwa na stima, ndevu kidevuni na banjo mkononi. Jina lake Luke Kelly.

Siku hizi watalii wakifika Dublin kuna matembezi ya usiku wanalipia. Wanamuziki wawili wanawaongoza kwa miguu kutoka baa moja ya kitambo hadi nyingine. Mnaingia, mnaketi, wanapiga ngoma mbili tatu, wanaeleza hiki chombo ni kipi na huu mdundo umetoka wapi, halafu mnasonga mbele. Raha iko. Shida ni kwamba ukipita hizo baa bila kujua ni nani alikaa hapo kabla yako, utatoka umeshiba bia tu.

So leo natembea na wewe. Hakuna visa, hakuna nauli. Na nikuambie ukweli kwa nini nimemchagua huyu buda. Mimi nilitoka chuo kabla ya kumaliza, karo ilikata, na tangu hiyo siku kila sherehe ya familia lazima kuna anko ataniuliza narudi lini. Luke Kelly alitoka shule mapema kuliko wewe na mimi. Story yake haisemi uache shule, usinisingizie kwa mathe yako. Inasema kitu kingine, na tutakifikia.

Sheriff Street, kando ya bandari

Luke alizaliwa tarehe 17 Novemba 1940, Sheriff Street, kaskazini mwa mto Liffey. Huo ulikuwa mtaa wa watu wa bandari. Wanaume walikuwa wanasimama asubuhi kungoja kuchaguliwa kwa kibarua cha kupakua meli. Ukichaguliwa, watoto wanakula. Usipochaguliwa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Hiyo unaielewa bila mimi kukuchorea.

Buda yake, naye pia akiitwa Luke, alifanya job kwa kiwanda cha biskuti cha Jacob's maisha yake yote. Mwaka wa 1914, Ireland ikiwa bado chini ya Uingereza, askari wa Uingereza walifyatulia umati risasi pale Bachelors Walk, barabara inayopita kando ya mto. Huyo mzee alikuwa bado mtoto, na alikuwa kwa huo umati. Alipigwa risasi, akaumia vibaya, akapona. Kwa hivyo kwa kina Kelly siasa hazikuwa mambo ya gazeti. Zilikuwa zimekaa mezani na wao, zinakunywa chai.

Mwaka wa 1953 nyumba yao ikashika moto na familia ikahamia Whitehall, mbali na bandari. Luke alipofika miaka 13 akaachana na shule. Hakuna mtu alishtuka. Watoto wa mtaa wake wengi walifanya hivyo, wakaingia kwa vibarua. Naye akaingia, leo hapa, kesho pale, hadi 1958.

Aliitisha doo, akafutwa

Mwaka huo wa 1958, akiwa na miaka 17, Luke alivuka bahari kwenda Uingereza. Hakuwa peke yake. Ireland ya wakati huo haikuwa na job, na vijana walikuwa wanatoka kwa maelfu kwenda kujenga barabara na nyumba za watu wengine. Bro yake Paddy alikuwa Wolverhampton, kwa hivyo Luke naye akaingia mjengoni huko, kufunga vyuma vya zege. Job ya mgongo.

Akaona pay ni ndogo. Akauliza iongezwe. Wakamfuta.

Baada ya hapo alihustle kila kitu. Aliosha mapipa ya mafuta. Aliuza mashine za kufyonza vumbi mlango kwa mlango, na fikiria tu vile watu walikuwa wanafungua mlango wanapata kijana wa Dublin na hizo nywele.

Halafu mapema 1960, akiwa mji wa Newcastle, aliingia klabu moja ya muziki wa kienyeji pale Bridge Hotel. Uingereza wakati huo kulikuwa na wimbi. Wasee walikuwa wanafukua nyimbo za kale za wachimba migodi, wavuvi, mabaharia na wafumaji, na kuziimba upya kwa vyumba vidogo vya juu ya baa. Luke aliketi akaskiza. Hizi hazikuwa nyimbo za wafalme. Zilikuwa za watu kama buda yake, watu waliouliza pay iongezwe wakafutwa.

Kuanzia hapo akaanza kukariri. Akapata banjo ya nyuzi tano. Akaimba barabarani kwa sarafu za wapita njia. Huko Birmingham akakaribishwa kuishi kwa Sean Mulready, odijo wa Dublin aliyepoteza job nyumbani kwa sababu ya siasa zake za kikomunisti. Hiyo keja ilikuwa na vitabu na muziki kila kona. Hapo ndipo Luke alijifunza kutamka. Ukiskiza ngoma zake leo utaona, hakuna neno linamezwa. Kila herufi inakufikia, hata kama umeketi nyuma karibu na choo.

Akajiunga na Connolly Association, chama cha wafanyakazi wa Ireland walioishi Uingereza. Akaandamana kupinga mabomu ya nyuklia. Akasoma, akasoma, akasoma. Na akakaa chini ya Ewan MacColl, mwalimu mkuu wa hilo wimbi, ambaye alitunga ngoma kama Dirty Old Town, kuhusu Salford, mji wa viwanda na moshi. Luke aliichukua hiyo ngoma akaifanya yake kabisa, mpaka leo kuna watu wanaapa ni ya Dublin.

Sasa cheki hapa. Kulikuwa na msomi anaitwa George Thomson, profesa wa Kigiriki cha kale huko Birmingham. Alimwona huyu kijana wa mjengo anavyosoma na anavyofikiria, na akampa nafasi ya kwenda chuo kikuu Prague. Mtu aliyetoka shule akiwa na miaka 13! Ukoo mzima ungefanya harambee na kukodi matatu ya kumsindikiza.

Luke akakataa. Alichagua nyimbo. Mwaka wa 1962 akarudi Dublin.

Baa ya kwanza: O'Donoghue's

Sasa tumefika. Merrion Row, karibu na bustani ya St Stephen's Green. Jengo ni la 1789, na mwanzoni lilikuwa duka la vyakula. Mwaka wa 1934 familia ya O'Donoghue ililinunua na ndipo likawa baa kamili. Ndani ni nyembamba, ni kama korido yenye kaunta, na ukutani kuna mapicha ya wanamuziki waliopita.

Kama hujawahi kuona sesheni ya muziki wa Ireland, wacha nikueleze. Hakuna steji. Hakuna MC wa kukupigia kelele. Wanamuziki wanakaa duara kwa meza ya kawaida, glasi katikati, na wanapiga wakiangaliana wenyewe. Kuna fidla. Kuna filimbi ndogo ya bati. Kuna bodhrán, kingoma bapa cha ngozi kinachoshikwa wima na kuchapwa na kijiti. Kuna zumari ya mfuko ambayo haipulizwi na mdomo, mfuko unajazwa upepo kwa kiwiko. Mmoja anaanzisha, wengine wanaidaka. Ngoma inarudiwa mara mbili au tatu, halafu bila mtu kusema kitu wanaruka kwa nyingine, na mguu wako unaanza kugonga sakafu wenyewe.

Lakini mtu akianza kuimba peke yake, baa nzima inanyamaza. Ukiendelea kupiga story zako, utaangaliwa vibaya hadi ujiskie mdogo.

Kwa hiyo duara ndipo Luke aliwapata wenzake. Ronnie Drew, sauti nzito kama changarawe ikimwagwa kutoka lori. Barney McKenna, mnoma wa banjo. Ciarán Bourke, wa filimbi, aliyeimba pia kwa Kiayalandi. Mbogi ikaanza kwa jina la Ronnie Drew Ballad Group, na Ronnie mwenyewe hakulipenda hilo jina. Wakati huo Luke alikuwa anasoma kitabu cha James Joyce kinachoitwa Dubliners, hadithi fupi za watu wa huo mji. Akapendekeza hilo jina. Likashika.

Rudi nyuma kidogo uone hiyo. Bendi kubwa zaidi ya muziki wa kienyeji wa Ireland ilipata jina kutoka kwa kitabu kilichokuwa mikononi mwa jamaa aliyeacha shule akiwa 13.

Bado hakuona amefika. Mwaka wa 1964 aliiacha bendi akarudi Uingereza kuendelea kujifunza, kisha akarudi tena. John Sheahan, wa fidla, alikuwa ameingia huo mwaka. Mwaka wa 1965 Luke alioa Deirdre O'Connell, mwigizaji mzaliwa wa Marekani ambaye miaka miwili baadaye alianzisha Focus Theatre, jumba dogo la maigizo lililolea waigizaji wengi wa Dublin.

Halafu 1967 ikafika. The Dubliners walitoa Seven Drunken Nights, ngoma ya mlevi anayerudi nyumbani kila usiku anapata ishara kwamba mke wake ana mgeni. Walijifunza kutoka kwa Joe Heaney, mwimbaji mkongwe wa mtindo wa zamani. Jina linasema usiku saba lakini waliimba tano tu, mbili za mwisho zilikuwa chafu sana. Hata hivyo redio ya taifa ya Ireland ikakataa kuicheza. Unajua vile inaenda gava ikikataza ngoma. Radio Caroline, stesheni iliyotangaza kutoka kwa meli baharini ili isishikwe na sheria, ikaicheza bila huruma, na ngoma ikapanda hadi nambari 7 Uingereza. Ghafla wazee wa ndevu kutoka baa nyembamba wako kwa TV na watoto wa kisasa wa suti kali.

Hiyo aliimba Ronnie. Ile iliyofuata, Black Velvet Band, aliimba Luke. Mwaka wa 1968 walikuwa Marekani kwa show ya Ed Sullivan.

Baa ya pili: The Bailey

Toka O'Donoghue's, pita kando ya St Stephen's Green, ingia Duke Street. Ni dakika kama kumi kwa miguu. Hapa ni The Bailey, base ya waandishi na washairi kitambo.

Kulikuwa na mshairi anaitwa Patrick Kavanagh. Mtoto wa shamba kutoka Monaghan. Naye pia aliacha shule akiwa mtoto, akashika jembe na kazi ya buda yake ya kushona viatu. Kufikia miaka ya sitini alikuwa mzee mkali, mgonjwa, hana doo, na anaheshimiwa kuliko maprofesa. Kavanagh alikuwa ameandika shairi, On Raglan Road, kuhusu binti mdogo kwake kwa umri ambaye alimpenda na binti hakupendezwa. Raglan Road ni barabara ya Dublin ambako mshairi mwenyewe aliishi.

Usiku mmoja hapa The Bailey, huyo mzee alimskiza Luke akiimba na akamwambia ana ngoma yake. Akampa hilo shairi alibebe, likiwa limewekwa juu ya wimbo wa kale sana unaoitwa The Dawning of the Day. Kavanagh alidedi Novemba 1967. Tangu hapo wasanii wengi wakubwa wamejaribu Raglan Road, na kila mmoja anapimwa na ile ya Luke.

Picha ndiyo hii: mshairi na mwimbaji, meza moja, hakuna mwenye cheti, na kile walichopeana hapo leo kinajulikana na kila mtu wa Ireland.

Ngoma ambayo hakutaka kuizoea

Miaka ya sabini bendi ilifanya kazi na Phil Coulter, mtunzi kutoka Derry, kaskazini mwa Ireland. Coulter alikuwa amepata mtoto wa kwanza aliyezaliwa na Down syndrome. Akaandika wimbo kuhusu huyo mtoto, Scorn Not His Simplicity, akampa Luke.

Luke aliirekodi, na ukiiskiza usiku peke yako utajua kwa nini naitaja. Lakini kwa show zake alikataa kuifanya iwe ya kila siku. Aliona huo ni uchungu wa mtu, si kitu cha kuitishwa na walevi katikati ya vigelegele. Kwa dunia yetu ya sasa ambapo kilio cha mtu kinageuzwa kuwa video kabla machozi hayajakauka, mimi hiyo kitu ilinigusa.

Walidhani ni pombe

Sasa twende mahali pagumu. The Dubliners walikuwa wanakunywa, na hawakuficha. Lilikuwa sehemu ya jina lao. Usiku show, baada ya show baa, asubuhi barabara, kesho nchi nyingine. Mwaka wa 1974 Ciarán Bourke alivuja damu kwa ubongo, na hakurudi kuwa yule wa zamani.

Mwishoni mwa hiyo miaka ya sabini Luke akaanza kuumwa na kichwa vibaya. Akaanza kusahau. Kuna wakati bendi ilikuwa Iceland na akashindwa kukumbuka yuko nchi gani. Watu wakasema ni uchovu. Wakasema ni keroro. Ni rahisi kusema hivyo kwa mtu anayekunywa, na yeye mwenyewe hana la kujitetea.

Tarehe 30 Juni 1980, kwenye jukwaa la Cork Opera House, Luke akaanguka mbele ya watu. Hospitali wakapata uvimbe kwa ubongo.

Akafanyiwa upasuaji. Na wakati mtu mwingine angekaa nyumbani, yeye alirudi kuimba, akiwa amekonda sana, kwa karibu miaka mitatu zaidi. Seán Cannon aliingizwa kwa bendi kusaidia zile usiku ambazo Luke alishindwa. Mwishoni mwa 1983, kwenye ziara ya Ulaya, hakuweza kumaliza. Akalazwa hospitali Ujerumani, akarudishwa Dublin, akala Krismasi na familia. Mwaka mpya ulipoingia akalazwa tena, na tarehe 30 Januari 1984 akafariki. Alikuwa na miaka 43.

Kama una msee anakunywa sana na ameanza kulalamika kichwa, usimcheke kwanza. Mpeleke aangaliwe.

Kaburi moja, sanamu mbili

Amezikwa makaburi ya Glasnevin. Kwa jiwe wameandika jina lake na neno moja tu, Dubliner. Ni jina la bendi, ni jina la mtu wa huo mji, na ni kile kitabu.

Tarehe 30 Januari 2019, miaka 35 tangu afariki, Rais Michael D. Higgins alizindua sanamu mbili siku moja. Ya kwanza iko South King Street, katikati ya mji, Luke ameketi na banjo, kazi ya John Coll. Ya pili ilichongwa na Vera Klute na iko kule kwao karibu na Sheriff Street. Hiyo ni kichwa kikubwa cha marumaru na nywele za nyuzi za metali zimetawanyika. Wahuni wameipaka rangi mara kadhaa, na kila mara imesafishwa. Pale ambapo wanaume walingoja kuchaguliwa kwa kibarua, sasa kuna maofisi ya vioo ya watu wa pesa, na huyo kijana wa mjengo yuko hapo, mdomo wazi, anawaimbia.

Na zile baa? Bado ziko, lakini si bure. Mwaka wa 2021 kulikuwa na mpango wa kujenga hoteli pale ilipo Cobblestone, baa ya Smithfield inayojulikana kwa sesheni zake. Watu waliingia barabarani na vyombo vyao, wakaandamana wakipiga muziki, na baraza la jiji likakataa hiyo hoteli. Waliogopa kitu kimoja: ukiondoa meza, duara litakaa wapi? Na kijana mwingine wa mtaa asiye na cheti ataenda kujifunzia wapi?

Hapo ndipo nilisema tutafika. Luke alikataa chuo, lakini hakuwahi kukataa kusoma. Darasa lake lilikuwa keja ya odijo aliyefutwa, chumba cha juu ya baa Newcastle, meza ya O'Donoghue's, na mshairi mgonjwa pale The Bailey. Kila mahali alifika kwanza kama mwanafunzi, akanyamaza, akaskiza, akakariri. Kuacha shule ni rahisi, hata mimi niliweza. Hiyo sehemu ya pili ndiyo ilimchukua maisha yote.

Kwa hivyo leo usiku weka simu yako kando, tafuta Raglan Road ya Luke Kelly, zima taa, skiza hadi mwisho. Na wewe kama ulitoka chuo kama mimi, nikuulize kabla anko hajakuuliza: wiki hii umejifunza nini, na kwa nani?